UNATAKA PICHA YA SIMBA? ANZA NA KUKU WA JIRANI

Kama na wewe umeponea chupuchupu kwenye ada za shule na bei ya mafuta ya kula, basi tumshukuru Mungu, tuendelee na mambo yetu.

Wiki hii kona yetu inahamia mpakani. Kijana mmoja wa Chapwa, pale Tunduma, ameuliza swali ambalo nimeona siwezi kulijibu kwa mstari mmoja. Yeye ni mpiga picha. Harusi, vipaimara, mahafali, vyote anapiga na wateja wanamfahamu. Hivi karibuni alipanda basi kwenda Dar, akapita Mikumi, akawaona tembo, twiga na swala kwa macho yake. Akatoa kamera, akabonyeza mpaka kidole kikauma. Alipokuja kuziangalia zile picha, anasema mwenyewe: "Kaka, nimepata makalio ya wanyama wote wa Tanzania." Sasa anataka kujua anunue lenzi gani. Ameonyeshwa moja ambayo bei yake ni sawa na ng'ombe watatu, na mama watoto ameshanuna.

Bwana mdogo, kwanza kamuombe radhi mama watoto. Usinunue kitu. Lenzi hiyo itakuletea makalio yaleyale, ila makubwa zaidi na yanayoonekana vizuri. Ulichokosa Mikumi hakiuzwi dukani, na habari njema ni kwamba unaweza kukipata hapohapo Chapwa bila kutoa hata senti tano.

HARUSI UNAIJUA, TWIGA HUMJUI

Hebu jiangalie ukiwa kazini ukumbini. MC hajasema neno, wewe umeshahamia upande wa keki na goti umepiga. Unajua dakika mbili zijazo bibi harusi atamlisha mwenzake, na bwana harusi atapanua mdomo kuliko inavyotakiwa. Unajua mama mzazi atatoa machozi wimbo gani ukipigwa. Unajua shangazi yupi ataanza kucheza kabla zawadi hazijafika mezani. Nani alikufundisha? Hakuna. Umekaa kwenye harusi nyingi mpaka ratiba imekuingia kwenye damu.

Kwa twiga ulikuwa mgeni mualikwa. Umeingia, umeshangaa nani kavaa nini, umetoka. Ndiyo maana picha zako zote zinaonyesha jambo ambalo limeshapita. Picha nzuri ya mnyama inaandaliwa kabla jambo halijatokea. Ukisubiri uone ndipo ubonyeze, mtu wangu, umechelewa. Macho yameona, kichwa kimeshangaa, kidole kimetii, na swala kashageuka.

Wazee wa enzi za filamu walilijua hili kwa lazima. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kuzisafisha ilikuwa pesa nyingine. Mtu hakubonyeza ovyo. Alikaa, akatazama, akasoma, ndipo akapiga. Leo simu inakupa picha elfu bure, na ubure huo ndio unaotufanya tusitazame.

Mnyama naye ana ratiba yake, ana desturi zake, na karibu kila mara anakupa taarifa kabla hajafanya kitu. Tatizo taarifa yake haiji kwa kipaza sauti. Inakuja kwa sikio, mkia, shingo na miguu.

KUNGURU NDIYE MWALIMU MKUU

Tunduma ni mji wa malori. Penye malori kuna mama ntilie, penye mama ntilie kuna makombo, na penye makombo kuna kunguru. Basi darasa la kwanza ni hilo.

Mtafute kunguru anayekula. Anza kumsogelea kutoka mbali huku ukihesabu hatua. Utaona kuna mahali anaacha kula, anainua kichwa, anakutazama. Huo ni mstari wa kwanza. Ukiendelea, anageuza mwili, anainama kidogo, anakunja miguu. Huo ni mstari wa pili. Hatua moja zaidi, ameruka. Huo ni wa tatu, na hapo ndipo watu wengi hupigia picha.

Kila mnyama duniani anayo mistari hii mitatu, awe kunguru, awe swala, awe simba. Kazi yako ni kuujua mstari wa kwanza uko wapi na kubaki nje yake. Hapo ndipo mnyama anaendelea na maisha yake: anakula, anacheza, anagombana, anambembeleza mwanawe. Ukiuvuka, anaacha yote na kazi yake inakuwa moja tu, kukuwaza wewe. Utapata picha ya mnyama aliyekutolea macho, na picha za namna hiyo tunazo za kutosha kwenye vitambulisho.

Halafu mistari hiyo inahama. Mwenye mtoto anaiweka mbali. Aliyezoea magari anaiweka karibu. Mwenye njaa, mgonjwa, aliyetoka kukimbizwa, kila mmoja ana vipimo vyake vya siku hiyo. Kwa hiyo hupewi namba ya mita ukaikariri. Unapima kila mara. Tena kumbuka, kwa kunguru mstari wa tatu ni kuruka, lakini kwa tembo au nyati unaweza kuwa ni kuja kwako.

Kuna namna ya kusogea pia. Usiende moja kwa moja kama mdai aliyemuona mdaiwa. Zunguka kiupandeupande, simama, tazama pembeni, chuchumaa, ngoja aanze tena kula, ndipo usogee kidogo. Mtu anayekuja amenyooka huku amekaza macho, kwa lugha ya wanyama wengi, ni mwindaji.

Na usidhani wewe peke yako ndiye unayesoma. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walivaa kinyago cha kutisha, wakawakamata kunguru wachache, wakawafunga pete miguuni na kuwaachia. Miaka baadaye, yeyote aliyepita pale amevaa kinyago kile alizomewa na kunguru, hata na wale ambao hawakukamatwa. Walikuwa wameambizana. Kwa hiyo ukimrushia kunguru jiwe leo, usitegemee kesho akupozie.

Darasa halijaisha. Kabla ya kuruka, ndege mkubwa kama kunguru au mwewe mara nyingi anajisaidia. Usicheke, hiyo ni taarifa rasmi, weka kidole kwenye kitufe. Na kwa kawaida anaruka akiuelekea upepo. Angalia turubai la lori linapepea kwenda wapi, kisha simama mahali ambapo upepo unakupiga mgongoni. Ndege aliyeamua kuondoka kwa hiari yake atakuja na uso. Ila kwa wanyama wenye pua kali, kama tembo na swala, fanya kinyume: upepo utoke kwao uje kwako, la sivyo jasho lako litafika kabla yako.

KUKU, NG'OMBE NA YANGEYANGE

Sasa nenda uani kwa jirani, bisha hodi, msalimie bibi, mwombe ruhusa ya kukaa na kuku wake. Atakushangaa, lakini mwambie ni kazi.

Mwangalie jogoo. Mara nyingi kabla ya kuwika anapiga mabawa, kisha ananyoosha shingo, ndipo sauti inatoka. Mabawa ndiyo MC wake. Ukisikia puu puu ya mabawa, kamera iwe tayari machoni. Mwangalie mama kuku: akiinamisha kichwa upande mmoja na kuelekeza jicho juu, ujue kuna kitu angani. Usitazame juu ukamtafuta mwewe. Baki na vifaranga, maana sekunde chache zijazo wote watakuwa chini ya mabawa ya mama, na hiyo ndiyo picha.

Halafu lala chini. Ndiyo, kwenye vumbi. Kuku anayepigwa picha na mtu aliyesimama anaonekana kama kitoweo. Kuku anayepigwa picha usawa wa macho yake anaonekana kama mtu mzima mwenye mambo yake. Wapiga picha wa simba hutafuta usawa huohuo.

Wakati wa ng'ombe kutoka malishoni, mtafute yangeyange, yule ndege mweupe anayewafuata. Vijana wengi humfukuza huku na huko wakitaka picha. Wewe jiulize anafuata nini. Ng'ombe akitembea, kwato zinaamsha panzi, na yangeyange anawadaka. Kwa hiyo usimfuate ndege. Elekeza kamera karibu na miguu na mdomo wa ng'ombe, tulia, ndege ataingia mwenyewe kwenye picha akiwa na panzi mdomoni. Somo hilohilo utalitumia kwa nyati porini: ukiona ndege weupe wanarukaruka juu ya majani marefu, mara nyingi chini yake kuna mnyama mkubwa.

BASI LIKIINGIA MIKUMI

Turudi kwenye safari yako. Barabara kuu ya kutoka Tunduma kwenda Dar inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Kwa mkazi wa Chapwa hiyo ndiyo hifadhi ya bure, ila unaiona ukiwa kwenye kiti, na dereva hawezi kusimama kwa ajili yako wala usimuombe.

Basi lililotoka Tunduma alfajiri hufika pale alasiri au jioni. Wakati huo jua linakuwa upande wa magharibi. Kaa upande wa dereva. Ukitazama nje, jua litakuwa nyuma yako na wanyama watakuwa wamemulikwa vizuri. Wa upande wa kondakta watabaki kupiga vivuli. Sogeza kamera karibu na kioo ili isipige taswira ya abiria mwenzako anayekula mahindi.

Halafu usipige wanyama walio sambamba na basi. Hao wameshavuka mistari yote mitatu. Tazama mbele, wale ambao muungurumo haujawafikia. Swala pala atakuambia: anaacha kutafuna, anainua kichwa, masikio yanaelekea mbele, misuli inakaza. Piga hapo. Ukisubiri hatua ya tano, unayajua majibu.

Twiga mmoja akitazama upande mmoja kwa muda mrefu bila kutafuna, fuata macho yake. Yeye anaona mbali kuliko wewe, na huenda kuna simba. Ngiri akianza kukimbia husimamisha mkia kama antena ya redio, kwa hiyo usikate picha karibu ukaacha mkia nje. Pundamilia wakisimama wawili, mmoja kichwa huku mwingine kule, wametulia: kila mmoja anaangalia upande wake na kumfukuzia mwenzake nzi kwa mkia. Hapo una muda.

Na nyani waliokaa kando ya barabara kama wanasubiri daladala? Jamani, hao sisi ndio tuliowaharibu. Wamejifunza kwamba dirisha la basi hutoa ndizi na maganda. Mnyama anayesubiri barabarani mwisho wake ni matairi. Ukimrushia ndizi ili akae vizuri upige picha, umempigia picha ya marehemu mtarajiwa.

TEMBO: MASIKIO NDIYO GAZETI LAKE

Kwa huyu naomba tuache utani. Kila mwaka watu hupoteza maisha kwa tembo hapa nchini, na simu zimetuongezea ushujaa wa kijinga.

Tembo aliyetulia anakula huku masikio yanapepea polepole na mkia unacheza. Akianza kuwa na wasiwasi, anaacha kula, au anajifanya anakula bila kuweka kitu mdomoni. Anapinda ncha ya mkonga, anauinua kunusa upande wako, anauning'iniza mguu mmoja wa mbele na kuubembeza kama mtu asiyejua aende au abaki. Huo ni mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Piga picha yako moja kisha ondoka taratibu.

Akikugeukia, akainua kichwa, akatanua masikio yote mawili, akapiga kelele na kutimua vumbi, mara nyingi anakutisha ili uondoke. Tembo aliyekusudia kweli kwa kawaida hulaza masikio nyuma, hukunja mkonga chini ya kifua, na huja kimyakimya. Lakini usiufanye huo kuwa mtihani wa kujaribu. Vitisho vinaweza kugeuka kuwa kweli kwa nukta moja.

Dume ambaye majimaji yanamtiririka kwenye mashavu, kati ya jicho na sikio, huku mkojo unadondoka na kulowesha miguu ya nyuma, yuko kwenye kipindi cha joto la kutafuta majike. Huyo hana urafiki na mtu. Na mama mwenye mtoto usipite kati yao, hata kama mtoto ndiye aliyekufuata wewe.

MIAYO MITATU, MAANA TATU

Nikupe mtihani mdogo. Umemuona mnyama anapiga miayo, mdomo wote wazi, meno nje. Picha tamu hiyo! Swali: inafuata nini?

Kama ni simba, jiandae kwa kazi. Simba anaweza kulala saa 20 kwa siku, na watalii wengi humkuta amejilaza kama gunia la mkaa, wakapiga picha mbili na kuondoka. Jioni mmoja anapiga miayo, wa pili anaitikia, wa tatu anajinyoosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, waliwachunguza simba wa Afrika Kusini, na mwaka 2021 wakachapisha walichoona: simba aliyeambukizwa miayo na mwenzake ana uwezekano mkubwa wa kuinuka mwenzake akiinuka. Kwa hiyo miayo ya simba ni kengele. Wenzako wakiwasha gari kuondoka, wewe baki.

Kama ni kiboko, hana usingizi. Anakuonyesha silaha. Anakuambia wewe au kiboko mwenzake kwamba mmekaribia mno. Chukua picha kutoka ulipo, kisha rudi nyuma.

Kama ni nyani dume, naye anaonyesha meno ya pembeni kwa kutisha, hasa akiambatanisha na kufumba na kufumbua kope zake zenye rangi nyepesi. Hapo mfiche mtoto na mkate.

Ishara ileile, wanyama watatu, maana tatu. Ndiyo maana nasema mjue mnyama kwa jina lake na ukoo wake. Kudhani kwamba anacheka, analia au anasinzia kwa sababu sisi tungefanya hivyo ni kujidanganya.

UKITOKA CHAPWA KWENDA RUKWA NA KATAVI

Ukishafaulu kwa kunguru na kuku, una bahati ya kijiografia ambayo watu wa Dar hawana. Mto Momba unashuka mpaka Ziwa Rukwa, na ziwa lile lina mamba, viboko na ndege wa maji makundi kwa makundi.

Kwa kiboko, jambo la kujua ni ratiba. Mchana yuko majini kukwepa jua. Jioni anatoka kwenda malishoni, na hutumia njia zilezile zilizolimika kwa miguu yake. Ukisimama kwenye njia hiyo, kati yake na maji, umemziba mlango wa nyumba yake. Dume lina uzito unaoweza kuzidi kilo 1,500 na hukimbia kuliko wewe. Simama juu ya kingo, pembeni, mbali na njia.

Mamba naye ni msomaji wa ratiba, na ratiba anayosoma ni yako. Mtu anayechuchumaa mahali palepale pembeni ya maji kila asubuhi akingoja jua liwake vizuri, anaonwa. Ukimuona mamba ametulia nchi kavu na mdomo wazi, anapunguza joto la mwili, na hapo unaweza kumpiga picha kwa lenzi yoyote ukiwa mbali. Aliye nje unamuona. Wa kuogopa ni yule aliye chini ya maji.

Barabara inayoanzia Tunduma kwenda Sumbawanga inaendelea hadi Mpanda ikipita ndani ya Hifadhi ya Katavi. Pale, kuanzia Agosti hadi Oktoba, Mto Katuma hukauka na kubaki madimbwi. Viboko kwa mamia hujazana kwenye tope kama abiria kwenye basi la mwisho, na madume hupigana kwa sababu nafasi hakuna. Mamba huingia kwenye mapango ya kingo za mto. Mpiga picha anayejua hivyo haendi mwezi Machi akitegemea vita vya viboko. Anasoma mvua kwanza, anasoma mnyama, ndipo anakata tiketi.

WALIOFANYA HIVYO TUKAWAONA

Mwaka 2014 shindano kubwa la picha za wanyamapori la Uingereza lilishindwa na Mmarekani Michael Nichols kwa picha aliyoipiga hapa kwetu Serengeti. Majike watano wa kundi la simba liitwalo Vumbi wamelala juu ya mwamba na watoto wao, mawingu yamejaa juu. Ukiitazama unadhani ni bahati. Alikuwa amewafuata karibu miezi 6. Alijua wametoka kumfukuza mmoja wa madume wao muda si mrefu, na simba wale walikuwa wamemzoea kiasi kwamba gari lake kwao lilikuwa kama jiwe. Miezi 6 kwa picha moja, bwana, na sisi tunalalamika kwa dakika 40 za Mikumi.

Kabla yake alikuwepo Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kumpiga picha Jane Goodall na sokwe wake, akabaki Tanzania akirekodi wanyama wa Serengeti kwa miaka mingi mpaka alipofariki Dar es Salaam mwaka 2002. Wakati huohuo mtafiti Hans Kruuk alikuwa Serengeti na Ngorongoro akiwafuata fisi usiku. Kila mtu aliamini fisi ni mwizi, kwa sababu kila asubuhi watu walikuta simba wanakula na fisi wamezunguka wanangoja. Kruuk akagundua kwamba Ngorongoro, mara nyingi fisi ndio waliowinda usiku, na simba ndiye aliyekuja kunyang'anya. Unaona? Picha ya asubuhi ilikuwa ya kweli, na maelezo yake yalikuwa uongo mtupu. Fisi wa watu kachafuliwa jina kwa sababu mpiga picha alichelewa kuamka.

PICHA ISIYOSTAHILI KUPIGWA

Gombe ina somo jingine chungu. Miaka ya 1960 sokwe walipewa ndizi kambini, na kweli walisogea, picha zikapatikana tele. Lakini walianza kujazana na kugombana zaidi kuliko kawaida. Ulishaji ule ukapunguzwa, na baadaye ukaachwa kabisa. Ukimlisha mnyama ili umpige picha, unapiga picha ya tabia uliyoitengeneza wewe.

Na duma wa Maasai Mara, Kenya? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwenye maeneo yenye magari mengi ya watalii, mama duma alilea kwa wastani mtoto 0.2 mpaka akajitegemea. Kwenye maeneo yenye watalii wachache, wastani ulikuwa watoto 2.3. Duma anawinda mchana, wakati wa magari. Kila mtu anataka gari lake liwe mbele, swala anashtuka, mawindo yanapotea. Hakuna aliyemgonga duma wala kumpiga risasi. Watu walitaka picha tu.

Ndiyo maana ule mstari wa kwanza una thamani kuliko lenzi. Ukiuheshimu, unapata picha bora, unarudi nyumbani na miguu yote miwili, na mnyama anabaki na chakula chake. Mambo matatu kwa bei ya uvumilivu.

KAZI YA NYUMBANI

Basi, bwana mdogo wa Chapwa, chagua mnyama mmoja tu. Kunguru, jogoo, mbuzi, shauri yako. Siku mbili za kwanza usiguse kamera. Kaa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni na daftari. Andika alifanya nini, na sekunde chache kabla ya hapo mwili wake ulisema nini. Siku ya tatu, jaribu kutabiri kwa sauti: "Sasa anaruka." "Sasa anawika." Watu watadhani umechanganyikiwa, waache. Siku utakayopatia mara 7 kati ya 10, chukua kamera uliyonayo.

Ukijaza daftari zima, tuandikie tena, na hapo ndipo tutazungumza habari za lenzi. Huenda ng'ombe watatu wakawa wamebaki zizini, na mama watoto akawa amerudisha tabasamu.

Kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutamjibu dada mmoja wa Makambako anayetaka kujua kwa nini picha za chakula chake zinatoka kama chakula cha hospitali. Mpaka wakati huo, kaa salama, na kama unapita Mikumi, ndizi kula mwenyewe.